Unga wa Herieth

Kikombe cha tatu kilipasuka Vedastus akiwa bado anasukuma jeki, kwa mlio mkavu uliowafanya wote wawili warudi nyuma. Herieth alikitoa kwenye fremu ya majaribio, akakigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye ufa uliotoka ukingoni mpaka chini, na akatamani kulia.

Kikombe, kwa mafundi wa karakana ile ya Soweto mjini Moshi, si cha chai. Ni sehemu ya juu ya mguu wa bandia, pale kigutu cha mtu kinapoingia na kukaa, na uzito wote wa mwili ukaangukia hapo. Hutengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini, ile gundi nzito inayoganda ikawa ngumu. Kwa mtu wa kwenda kanisani na sokoni, kikombe cha kawaida kinatosha kabisa. Kwa mtu wa kupanda Kilimanjaro na kushuka, hakitoshi, na mtu huyo alikuwa mdogo wake Herieth.

Godlove alikuwa mwongoza watalii kabla pikipiki haijamtupa korongoni kwenye barabara ya Masama na kumchukulia mguu wa kushoto, chini ya goti. Mwingine angekaa nyumbani akafuga ng'ombe. Yeye, kidonda hakijakauka, alishaanza kuuliza lini atarudi mlimani. Kikombe chake cha kwanza kilipasuka ukingoni kwa kupanda na kushuka vihamba tu, yale mashamba ya migomba ya kwao Masama, mlima wenyewe bado haujaguswa. Na ukikitengeneza kinene, kinakuwa mzigo wa kumchosha mtu kabla hajafika geti la mlima. Ndipo Herieth alipofikiria unga wa kauri.

Unga huo ni wa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba hakuna ungo wala kitambaa kitakachozizuia. Zikitawanyika vizuri ndani ya rezini, kila moja ikakaa peke yake, ufa ukianza hukutana nazo kila unapokwenda, ukapindishwa huku na kule mpaka ukachoka. Zikishikana zikawa madonge, ni heri usingezitia kabisa, maana kila donge linakuwa mahali pa ufa kuanzia. Yeyote aliyewahi kukoroga uji anaijua shida hiyo, ila madonge ya uji huyaona kwa macho.

Kuzitawanya ndiyo kazi yenyewe, na Herieth aliwahi kuiweza. Mara moja, mwaka jana. Kikombe alichomtengenezea Godlove kwa unga ule kilikuwa chembamba, chepesi, kigumu ajabu. Godlove alipanda nacho mpaka kambi ya kwanza kujaribu, akarudi anacheka. Alibeba nacho mikungu ya ndizi, akacheza nacho mpira na watoto wa jirani, hakikuonyesha hata mkwaruzo wa maana. Lakini sasa kigutu kilikuwa kimenywea, kama vinavyonywea vigutu vyote mwanzoni, na kikombe kikawa kinapwaya na kumchubua. Alihitaji kipya. Kampuni ilikuwa imekubali kumrudisha kazini msimu wa Juni, aongoze kundi kwa njia ya Machame, kwa sharti kwamba karakana ithibitishe mguu wake unabeba. Usipothibitishwa, nafasi angepewa mtu mwingine, na walishamngoja vya kutosha.

Kwa hiyo Herieth hakutakiwa kugundua jambo jipya. Alitakiwa kurudia alichokwisha kukifanya, na hakuweza.

"Unga ni uleule?" aliuliza Vedastus. Alikuwa fundi mkuu, mpole, mtu asiyejua kupandisha sauti, na upole huo siku hizi ulimkera Herieth kuliko matusi.

"Uleule. Mfuko uleule."

"Rezini?"

"Ileile. Kiwanda kilekile."

"Mwaka jana uliukorogaje?"

"Kama nilivyoukoroga leo, kaka Vedastus."

"Haiwezekani."

"Najua kwamba haiwezekani!" Herieth alifoka, kisha akaona haya. "Samahani. Kichwa hakipo."

Walikata kipande cha kikombe kilichopasuka, wakakisugua, wakakitazama kwa darubini. Vitone vyeupe vilikuwa vimejazana humo. Madonge. Wakakata kipande kidogo kutoka ukingo wa kikombe cha Godlove cha mwaka jana, wakakiweka pembeni ya kile: safi, hakuna hata kitone. Vedastus alitazama mara kadhaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehama.

Herieth alishajaribu kila kitu cha akili na vingine visivyo vya akili. Alikoroga kwa muda mrefu zaidi, akakoroga kwa kasi zaidi, akabadilisha pangaboi la mashine, akalirudisha. Alitia unga kidogo kidogo, akautia wote kwa pamoja. Aliazima mashine ya mawimbi ya sauti kwa rafiki yake wa chuoni, ikavunja baadhi ya madonge na mengine ikayaacha yanamcheka. Siku moja alijikuta amevaa blauzi aliyokuwa ameivaa siku ile ya mwaka jana, na anaimba wimbo uleule wa kwaya, na alipogundua anafanya nini aliketi kwenye kiti akajiuliza kama ndiyo ameanza kuchanganyikiwa.

Shida ni kwamba siku zile hakuzikumbuka vizuri. Mfuko wa unga ulikuja kwa basi kutoka Dar, na alikuwa ametoka kuuchukua stendi, bado anatafuta funguo za gari, simu ilipoita na kumwambia kuwa baba yake, mzee Eliamini, amefariki. Hakupitia karakana. Aliendesha moja kwa moja mpaka Masama, na kuanzia hapo kumbukumbu zilikuwa vipande: koti la baba kwenye msumari, moshi, vilio, mikono ya watu ikimshika, sufuria kubwa jikoni. Hakukaa mpaka mwisho wa matanga. Karakana ilimwita kwa mgonjwa aliyetoka mbali, akashuka, na siku alipofika tu, akiwa bado na macho mekundu, aliufungua mfuko akatengeneza kikombe cha Godlove. Alikitengeneza kwa uchungu, bila kufikiri sana. Kikawa kile.

Godlove alikuwa na maelezo yake. "Dada, usijisumbue. Huu ni mguu wa baba," alizoea kusema, akiugonga kwa kifundo cha kidole. "Mzee alijua kwamba anaondoka, akaniachia. Hata harufu ni ya kwetu, nusa." Na kweli kikombe kile kilikuwa na harufu ya jikoni kwa mama, hasa kikipata joto. Watu walicheka. Herieth hakucheka. Alisoma miaka mingi ili mambo yasielezwe namna hiyo, na sasa hakuwa na maelezo mengine ya kuweka mahali pake.

"Huo mfuko urudishe Dar," Vedastus alisema hatimaye, kwa upole wake. "Wauangalie wao. Pengine umeharibika. Kesho Jumamosi upitishe stendi."

"Na Godlove?"

Vedastus alitazama fremu, akatazama jeki. "Tutamwambia ukweli. Hatuwezi kumpeleka mtu mlimani na kitu kinachopasuka hapa mezani."

Ijumaa ile Herieth aliuweka mfuko kwenye buti ya gari. Ulikuwa kiroba cheupe cha kawaida, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani kilichochakaa. Hakujua kitenge kile kilitoka wapi. Alikikuta kimefungwa hapo na akaendelea kukitumia, kwa kuwa kilifunga vizuri.

Asubuhi, badala ya kwenda stendi, alipandisha Masama. Alijiambia anakwenda kumweleza Godlove uso kwa uso. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimtafuna, na hilo nalo hakulielewa, nalo ni mama yake.

Tangu msiba, mama alikuwa amebadilika kwake. Si kwa ugomvi. Ugomvi ungekuwa nafuu. Ukimwamkia, "Shikamoo mama," anaitikia "Marahaba," anaishia hapo, kama mtu anayepokea salamu ya karani wa benki. Anakuletea chai, haketi nawe. Na kubwa kuliko yote: mwaka mzima Herieth alikuwa akishuka mjini bila ndizi. Anayejua watu wa huko hahitaji kuelezwa zaidi. Mama wa Masama mwenye kihamba kilichojaa migomba, amwache binti yake ashuke Moshi mikono mitupu, akanunue ndizi sokoni kama mgeni? Mara ya kwanza Herieth alidhani mama amesahau. Mara ya pili alidhani ni majonzi. Baadaye hakudhani tena, aliumia tu, na alipomuuliza Godlove, Godlove alisema, "Mama yuko vilevile," maana wanaume hawaoni vitu hivyo hata viwagonge usoni.

Alisimamisha gari kwenye mpaka wa kihamba, pale palipopandwa safu ya masale, mimea ya majani marefu inayoonyesha mpaka. Mvua ya masika ilikuwa imekatika kidogo na majani yalikuwa yanametameta. Alikaa akayatazama. Bibi yake alikuwa akisema kwamba mtu akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, anakuomba msamaha, na huna ruhusa ya kumkataa, hata kama amekuchomea nyumba. Herieth hakuwahi kulitumia maishani mwake. Yeye ni mtoto wa Kilutheri na wa maabara. Lakini alikuwa amechoka kutokujua, kazini hajui, nyumbani hajui, na mkono wake ulikwenda wenyewe ukakata jani moja, ukalifunga fundo.

Mama yake, Ruth, alikuwa kibarazani anamenya ndizi za kupikia mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Herieth alipiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Kisu cha mama kilisimama.

"La nini hili?"

"La kuomba msamaha, mama."

"Kwa kosa gani?"

"Silijui."

"Hulijui," mama alisema. "Mtu analeta sale na kosa halijui. Sasa nisamehe nini, Herieth? Nisamehe hewa?"

"Nisaidie kulijua, basi."

"Aliyefanya ni nani, mimi au wewe? Litaje."

Basi akaanza kubahatisha, magoti yakiwa kwenye saruji baridi. Alisema ni kwa sababu hakuja kuvuna kahawa. Mama akatikisa kichwa. Alisema ni kwa sababu ameacha kuimba kwaya ya usharika kule mjini.

"Umeacha kwaya?" Mama aliweka ndizi chini. "Lini?"

"Basi si hilo. Ni ile saa ya baba niliyoipeleka kwa fundi ikapotea?"

"Saa ya baba yako imepotea?"

"Mama, nilikuwa nataka kukwambia..."

"Endelea," mama alisema, sasa amekunja mikono. "Endelea, mwanangu. Naona leo nitajua mengi."

Akaendelea, maana alishaingia na hakujua pa kutokea. Alitaja na mchumba wa Arusha ambaye mama hakuwa na habari naye, na gari lililogongwa likapakwa rangi. Kila kosa alilolitaja halikuwa lenyewe, na kila moja likawa jipya. Alipoishiwa, alikuwa na makosa mengi kuliko aliyokuja nayo, na lile moja bado halijulikani.

"Hakuna hata moja," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, wala haikuwa kali. "Shika jani lako."

"Sale halirudishwi, mama."

"Silirudishi. Nakwambia ulishike mpaka ujue unaombea nini."

Matone mazito yakaanza kuanguka. Herieth aliinuka, magoti yanauma, akakumbuka sukari na sabuni alizomletea mama zikiwa kwenye buti. Alikwenda kuzitoa ili apate pa kuuficha uso. Mama alimfuata na mwavuli, kwa kuwa hata mama aliyekasirika hawezi kumwacha mtoto alowe. Herieth akafungua buti.

Mama hakuona sukari. Aliona kiroba cheupe, na mdomo wake, na kile kitenge cha kijani.

"Ruwa wangu, Mungu wangu," alisema taratibu. "Bado unazunguka nao."

"Nini, mama?"

"Unga! Unga wa msiba wa baba yako! Mwaka mzima hujaupika, unazunguka nao kwenye gari?" Alikinyooshea kiroba kidole. "Niliwaambia wanawake wa ukoo, huu ni unga wa Herieth, ameuleta mwanangu mwenyewe, hakuna kuugusa, utapikwa maandazi siku ya kuanua matanga, wazee wapate kula. Niliuweka kando, Herieth. Niliringa nao. Siku imefika, natuma mtu akaulete, naambiwa Herieth ameondoka nao. Mbele ya mashangazi zako wote. Mtoto analeta unga kwenye msiba wa baba yake, halafu anaubeba anarudi nao mjini! Unajua walivyonitazama?"

Herieth alisimama kwenye mvua. Aliyasikia maneno yote na hakuna hata moja lililokaa mahali pake. Unga. Maandazi. Wazee. Polepole alianza kuuona msiba ule upya, kutoka upande wa mama: gari linaingia, wanawake wanalipokea, wanashusha kila kilichomo, kwa sababu mfiwa habebi mzigo wake mwenyewe. Mfuko wake ulikwenda jikoni pamoja na michele na sukari za watu. Na siku ya kuondoka alimuuliza wifi yake Mektrida, "Ule mfuko wangu mweupe uko wapi?" na Mektrida akauleta, akauweka garini, wala hawakuulizana zaidi.

"Mama," alisema, "huu haukuwa unga wa kula."

"Ni unga wa nini?"

"Wa mguu wa Godlove."

Mama alitazama mfuko, akamtazama binti yake, akautazama mfuko tena. Ni dhahiri kwamba alikuwa anajiuliza ni yupi kati yao mwenye wazimu.

"Ni kama mawe yaliyosagwa, mama. Mawe laini kuliko unga. Natia kwenye ile gundi ya kutengenezea mguu. Ungepika maandazi ya huu, tungezika ukoo mzima."

"Mawe," mama alisema. "Niliwaringia watu mawe." Akashika mdomo. Haikujulikana mara moja kama analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua. Kisha mabega yakaanza kumruka, na Herieth akaona ni vyote viwili, na akamkumbatia pale pale, mwavuli ukaanguka, wote wawili wakalowa.

Waliporudi kibarazani, Herieth aliuvuta mfuko ndani na kuuweka mahali pakavu. Alikigusa kitenge. "Hiki ni chako?"

"Kile changu cha zamani, cha ubatizo wako. Nilikata nikafunga mdomo. Ule mfuko wa plastiki ndani ulikuwa umebana, unga ungetoa jasho. Nikaufungua upumue."

Mkono wa Herieth ulikaa juu ya kitenge. "Ukauweka wapi, mama?"

"Darini. Juu ya mafiga. Unga utauweka wapi pengine kwenye mvua kama ile?"

Herieth aligeuka akatazama jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya moto lilikuwepo dari la miti, jeusi kwa masizi ya miaka, pamepangwa mahindi ya mbegu na ndizi za kuivisha kwa ajili ya pombe ya mbege. Na siku za matanga, moto ule haukuzimika. Uliwaka mchana na usiku, watu wakila kwa zamu, na mfuko wake wazi umekaa hapo juu kwenye joto na moshi muda wote huo. Ndiyo maana mguu ulinuka jikoni. Godlove alisema tangu zamani, na yeye akamwona mjinga.

Unyevu! Aliushika unga ule kila siku na kuuona mkavu. Lakini chembe ndogo namna ile, ukizikusanya, ngozi zake zote kwa pamoja ni pana kuliko shamba, na hunywa unyevu wa hewani kimyakimya bila mkono kujua, kisha zinagandana. Alifundishwa jambo hilo. Alilijibu kwenye mtihani, tena akapata. Miezi yote hii alikuwa anahangaika na namna ya kukoroga, kwa sababu mfuko ulikuja umefungwa na akauamini, na mwaka jana uliingia kwenye rezini mkavu kabisa bila yeye kujua. Tangu hapo ulikuwa umefunguliwa na kufungwa mara nyingi, na sasa ulikuwa umekaa kwenye masika.

"Mama," alisema, "naomba uurudishe darini."

"Mawe?"

"Mawe. Na uwashe moto kama wa siku zile. Usizimike."

Mama alikibeba kiroba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akapanda ngazi fupi ya jikoni, akakiweka mahali palepale, akakifungua mdomo, akafunika kwa kitenge. Kisha akaja kukaa karibu na Herieth. Hapo Herieth aligundua kwamba bado ameshika lile jani, limesinyaa mkononi.

"Sasa nalijua," alisema, akampa. Mama akalipokea, akalichomeka kwenye kilemba chake, akarudi kumenya ndizi. Jioni Herieth aliondoka kwa haraka ili amuwahi Vedastus, na ndizi hakuna aliyezikumbuka.

Vedastus alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni. "Lakini tanuri tunalo hapa," alisema. "Ningekuruhusu uukaushie humo."

"Ulikataza unga usiingie kwenye tanuri la plastiki."

"Hukuniambia kwamba unataka kuukausha."

"Sikujua kwamba nataka kuukausha." Akacheka, kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu. "Mwache mama, kaka Vedastus. Kilichofanya kazi ni dari lile na moto ule. Safari hii sitaki kubadilisha hata kijiti."

Godlove ndiye aliyeshuka na mfuko, wiki ya mwisho ya Mei, umefungwa plastiki kwa nguvu na kufunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Alisema mama hakumruhusu mtu mwingine kuchochea ule moto. Alisema pia kwamba mama aliwaita mashangazi wote waliokuwepo siku ile, akawanywesha chai, akawapandisha ngazi mmoja mmoja wauone unga wa Herieth, na shangazi Yuditha aliutazama kwa muda mrefu akauliza kama ni hakika kwamba hautalipuka.

Herieth alivaa barakoa, akakoroga siku ileile, kabla unga haujapata nafasi ya kunywa kitu. Rezini ilibaki angavu. Hakuthubutu kufurahi. Kikombe kilipoganda na kuchongwa, walikiweka kwenye fremu, na Vedastus akaanza kusukuma jeki. Alisukuma mpaka pale kilipopasuka cha tatu. Akapita. Akasukuma mpaka alama ya uzito wa Godlove na mzigo mgongoni, akapita na hapo, mpaka fremu yenyewe ikaanza kulia. Godlove alikuwa amefumba macho.

"Inatosha," Vedastus alisema. "Nitavunja fremu. Huu unabeba." Akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na kitu.

Godlove aliingiza kigutu, akasimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akaruka kidogo. Akainama akanusa goti lake. "Mguu wa baba," alisema, akimchokoza dada yake kwa macho. Herieth aliufikiria ule moto wa mwaka jana, uliowashwa kwa ajili ya mzee Eliamini na si kwa ajili ya mtu mwingine, na akaona kwamba hana la kubisha.

"Nenda nao polepole," alisema.

"Ngoja, dada. Kuna mzigo wako kwenye gari. Mama amekataza nisikupe mpaka kikombe kipone."

Ulikuwa mkungu wa ndizi, mkubwa, bado unatoka utomvu. Kwenye shina lake palifungwa jani la sale, bichi, fundo limekazwa kama anavyolikaza mtu anayelijua.

Herieth alilishika fundo lile. Mama yake, aliyemzaa, anamletea yeye sale. Macho yalimjaa papo hapo, wala hakujaribu kuyazuia.

"Kwa nini hakutaka unipe mapema?"

"Amesema ungekoroga huku unalia," Godlove alisema, akiuinua mkungu begani, uzito wote juu ya mguu mpya, "ukautia unga maji."